Maajabu ya sayansi ya kuwapa watoto likizo hii: yawe ya kweli, na wayaone kwa macho yao

Bi_Mkungu

Assalamu alaykum wanajukwaa.

Skuli zimefungwa, watoto wamejaa majumbani. Kwenye makundi ya simu zinazunguka orodha za "maajabu ya sayansi". Mtoto anasoma, anashangaa kidogo, anasahau. Nyengine si kweli hata chembe: eti binadamu anatumia asilimia kumi tu ya ubongo wake, eti popo haoni, eti ukuta wa China unaonekana kutoka mwezini. Mie nasomesha sayansi madarasa ya chini hapa Unguja na jambo hili linaniuma, kwa sababu mtoto wa visiwani amezungukwa na maajabu makubwa kuliko hayo. Yapo pwani, yapo jikoni, yapo uani kwao, na anaweza kuyajaribu bila maabara yoyote. Naomba tuyakusanye hapa. Sharti langu moja: ukileta jambo, lete na njia ya mtoto kulihakikisha, au angalau mahali pa kwenda kulitazama.

Naanza na kuta za Mji Mkongwe. Mpeleke mtoto Shangani au Malindi, kwenye nyumba ya zamani ambayo plasta imebanduka, umwambie aangalie jiwe kwa karibu. Ataona vitundu vitundu vimepangana, na katika baadhi ya mawe kila kitundu kina mistari inayotoka katikati kwenda ukingoni. Kila kitundu kilikuwa makaazi ya mnyama. Matumbawe si mawe na wala si mimea. Ni wanyama wadogo laini, kila mmoja ana mdomo uliozungukwa na vijinyiri, na chini yake anajijengea kiti cha chokaa anayoichuja kutoka maji ya bahari. Anakufa, mwengine anajenga juu yake, na hivyo hivyo kwa maelfu ya miaka. Wazee wetu walichimba mawe hayo, mengine wakayachoma kupata chokaa ya kujengea. Mji ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 umesimama kwa mifupa ya wanyama ambao wengi wao hawafiki ukubwa wa ukucha.

Mtoto atauliza: utajuaje kama ni chokaa? Hapo ndipo pa kufurahia. Okoteni ufukweni ganda tupu la chaza (tumbawe lililo hai msiliguse), litieni kwenye gilasi, mwagieni siki. Mapovu yataanza kupanda palepale. Siki ni asidi, inaila chokaa, na gesi inayotoka ni kaboni dioksaidi, ileile inayofanya soda itoe povu. Mkishamaliza, fanyeni na yai bichi: liacheni ndani ya siki siku moja na nusu hivi, mbadilishe siki mara moja katikati. Ganda lote litakwisha, libaki yai zima lililoshikwa na ngozi laini, ukilishika linabonyea, ukilinyanyua kwenye mwanga unaona kiini kinaelea ndani. Nimeona watoto watundu kabisa wakinyamaza kimya mbele ya yai hili. Lifanyieni kwenye sinia.

La pili ni la jikoni. Mama yeyote wa hapa anajua: doa la manjano la mchuzi kwenye kanzu nyeupe, ukilipaka sabuni ya mche linageuka jekundu kama damu. Watu wanadhani nguo imeharibika. Manjano ina rangi inayobadilika kufuatana na kitu inachokutana nacho. Ikikuta asidi, kama ndimu au siki, hubaki njano. Ikikuta kinyume cha asidi, kama sabuni ya mche, magadi au maji ya majivu, hugeuka nyekundu ya kuelekea hudhurungi. Jaribio: changanyeni manjano ya unga na maji kidogo, pakeni karatasi nyeupe, iacheni ikauke. Halafu mtoto achovye kijiti kwenye maji ya sabuni ya mche na aandike jina lake. Litatokea jekundu. Akipitisha ndimu juu yake, linarudi njano. Akishaelewa, mpeni kila kilichopo jikoni akipime na aandike kwenye daftari: maji ya ukwaju, mate, maziwa ya mgando, dawa ya meno. Na mkishafua ile kanzu ianikeni juani, kwa sababu mwanga wa jua huivunja rangi ya manjano na doa hufifia.

Haya, nani anafuata?

Mchokoo

Wa alaykum salaam mwalimu. Mie ni mwenda pwani, huku kusini. Maji yakipwa natoka na mchokoo wangu miambani. Nina la pweza. Tukishamkata mnyiri tukautia kikapuni, unaendelea kujipinda, na mtu akiugusa unamgandia. Mjukuu wangu kaniuliza, bibi mbona amekufa na hajafa? Nikamwambia ni mishipa hiyo mwanangu. Hebu tueleze vizuri, na kama ana mengine pweza yaseme, maana ndiye anayetulisha.

Bi_Mkungu

Shikamoo bibi. Jibu la mishipa ulilompa ni lenyewe, na ndani yake mna makubwa.

Pweza ana seli za neva zipatazo milioni 500, na kiasi cha theluthi mbili yake hazimo kichwani, zimo kwenye ile minyiri minane. Mnyiri unahisi, unaonja na unashika wenyewe bila kungoja amri ya kichwa. Vile viduara vya kugandia ndivyo vinavyoonja. Pweza akipenyeza mnyiri ndani ya tundu la mwamba anajua kama kilichomo ni kaa au jiwe tupu kabla hajakiona. Ndiyo maana mnyiri uliokatwa bado unaitikia kwa muda.

Ana mioyo mitatu. Miwili kazi yake ni kusukuma damu ipite kwenye matamvua ichukue hewa, wa tatu unaipeleka mwilini. Akiogelea ule wa tatu husimama, kwa hiyo kuogelea kunamchosha na mara nyingi utamkuta anatambaa. Damu yetu sisi inabeba oksijeni kwa chuma, nayo ni nyekundu. Yake inabeba kwa shaba, na ikishapata oksijeni huwa buluu.

La kumuuliza mjukuu akiwa na wewe pwani: pweza anabadilisha rangi akafanana na mwamba kwa kupepesa jicho, lakini jicho lake lina aina moja tu ya seli za kupokea mwanga, wakati letu lina aina tatu za kutambua rangi. Yaani anaigiza rangi ambazo, kwa muundo wa jicho lake, asingetarajiwa kuzitofautisha. Wanasayansi wanaendelea kubishana anafanyaje. Watoto wanapenda kusikia kwamba kuna swali ambalo hata wakubwa hawajalimaliza.

Na jike akishataga huyalinda mayai yake tunduni, halili, anayapepea maji safi mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Watoto wake hukua upesi mno, na ndiyo sababu kufunga mwamba kwa miezi michache kunaleta pweza wakubwa, kama wanavyofanya Kisiwa Panza kule Pemba.

Kuna na jaribio la jikoni. Papai bichi lina kimeng'enya kinachokatakata protini, ndicho kinacholainisha pweza na nyama. Kateni nyama vipande viwili sawa. Kimoja kipakeni papai bichi lililosagwa, cha pili papai hilohilo lakini lililochemshwa kwanza mpaka likaiva. Baada ya saa mbili tatu vibonyezeni kwa uma. Cha kwanza kitakuwa kimelegea, cha pili bado kigumu. Moto umekiharibu kimeng'enya. Mtoto atakuwa amejifunza jambo ambalo wengi wetu tulilikariri tu kwenye vitabu.

UmmuTatu

Shoga yangu mwalimu, Mungu akujaalie. Nimefanya lile la manjano jana na sasa nyumba nzima ina karatasi nyekundu, hata mlango wa jokofu umeandikwa jina.

Mie nataka kujua kuhusu kima punju. Tulipita karibu na Jozani, kwenye shamba moja palipokuwa na tanu la mkaa la zamani, tukamwona mmoja ameshika kipande cha mkaa anakitafuna. Mkubwa wangu akasema mama, kima ana njaa hadi anakula mkaa. Kweli ni njaa?

Bi_Mkungu

Si njaa, UmmuTatu. Ni dawa anajipa.

Kima punju wanapenda majani ya mkungu (mti unaozaa kungu) na ya mwembe. Majani hayo yana protini nzuri, lakini yana pia kemikali zinazovuruga tumbo. Mkaa huzivuta kemikali hizo na kuzishikilia kwenye vitundu vyake vidogo visivyoonekana, protini ikabaki kutumika. Watafiti waliowafuatilia kima wa mashamba ya Jozani waliona tabia hii kwa wale wanaokula majani hayo, na watoto wao huiga kwa mama zao. Hospitali nazo zina mkaa ulioandaliwa maalumu kwa baadhi ya wagonjwa waliokula sumu. Ila mwambieni mtoto waziwazi: huo ni wa daktari, mkaa wa jiko hauliwi.

Tumbo lake nalo limegawika vyumba, na ndani yake mna bakteria wanaochachisha majani, jambo linalofanana na la ng'ombe. Ndiyo maana huwaoni wakigombea ndizi mbivu. Matunda mabivu yenye sukari nyingi yakichacha ndani ya tumbo la namna hiyo yanamletea madhara, kwa hiyo huchagua machanga. Na hana kidole gumba cha maana mkononi, kimebaki kijinundu tu. Mkienda tena, mtoto aangalie anavyoshika tawi. Mnyama huyu duniani kote asili yake ni Unguja na visiwa vyake vidogo tu. Wachache walihamishiwa msitu wa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970.

Msiwarushie chakula, hata wakisogea.

Wa_Mkoani

Mbona Pemba mnaitaja kwa kupita njia tu? Sisi tuna popo wetu, na mwalimu kagusia kwamba popo haoni ni uongo. Nathibitisha. Nendeni Kidike, si mbali na Chake. Mchana wananing'inia mitini kwa mamia, wekundu kama mbweha, na ukiwakaribia wanakutazama usoni kwa macho makubwa. Akikunjua mbawa anakaribia mita moja na nusu. Babu yangu alikuwa akiwawinda wakaliwa, leo sisi tunawalinda. Nataka mwalimu anisaidie jambo moja: jamaa kutoka Tanga aliniambia hajawahi kuona popo wa namna hii kwao, na Tanga tunaiona hivi ikiwa hewa safi. Inakuwaje?

Bi_Mkungu

Ahsante sana, Wa_Mkoani, na umeuliza swali ninalolipenda kuliko yote.

Popo wa Pemba ni wa Pteropus, kundi moja miongoni mwa popo wakubwa wanaokula matunda. Hawatumii mwangwi wa sauti kama wale wadogo wanaokamata wadudu. Wanatumia macho na pua, na macho yao ni mazuri sana usiku. Bara zima la Afrika halina hata mmoja wa kundi hilo. Ndugu zake wapo Komoro, Madagaska na visiwa vya Bahari ya Hindi, na wengi zaidi Asia. Kwa hiyo kiukoo popo wa Kidike yuko karibu na wa Madagaska na Asia kuliko popo yeyote wa Tanga. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki mamia machache tu, na kilichowaokoa ni wanavijiji wenyewe kukubali kuwalinda. Sasa wanahesabiwa kwa maelfu.

Sasa bahari. Hili wachoreeni watoto kwenye mchanga. Miaka kama 20,000 iliyopita maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda kuwa barafu kaskazini na kusini ya mbali, na bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa mita 120 hivi. Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa kina kidogo, sehemu kubwa haufiki hata nusu ya kipimo hicho. Ukakauka. Unguja ikawa kipande cha bara, mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Mji Mkongwe bila kulowa. Chui wa Unguja mababu zake walikuja hivyo. Katika pango la Kuumbi, upande wa Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya punda milia, mnyama ambaye leo hayupo kisiwani kabisa. Barafu ilipoyeyuka maji yakapanda, na walioko huku wakabaki huku.

Pemba ni habari nyengine. Mkondo wa Pemba una kina cha mita 800 hivi. Bahari ilishuka mita 120 na Pemba ikabaki kisiwa vilevile, kama ilivyokuwa kwa mamilioni ya miaka. Ndiyo maana Pemba haikuwahi kuwa na chui, na ndiyo maana kuna wanyama wamekuwa Wapemba watupu: popo huyu, na hata bundi mdogo wa Pemba, hawapatikani kwengine popote. Njia ya kulihakikisha: mtoto atafute ramani yenye kina cha bahari, zipo kwenye simu. Atie rangi kila mahali pasipofika mita 120. Ataiona Unguja inashikana na bara mbele ya macho yake, na Pemba inabaki peke yake.

Wa_Mkoani

Allahu akbar. Mwanangu wa darasa la sita nimemwamsha nimsomee hii.

MzeeMalindi

Wanangu, nawasoma tangu asubuhi. Mie si mwalimu wa skuli, nimeshika msikiti mdogo kwa miaka mingi na kazi yangu moja ilikuwa kuangalia zawali, jua linapopinduka, tupate wakati wa Adhuhuri. Zamani tulisimamisha kijiti uani na kutazama kivuli. Kuna siku mbili kwa mwaka kivuli cha kijiti kinapotea kabisa. Vijana wa leo wana saa kwenye simu, hawalijui hili. Mwalimu waeleze watoto sababu yake.

Bi_Mkungu

Shikamoo mzee wangu. Hili peke yake lingetosha uzi mzima.

Sisi tuko kusini kidogo ya ikweta, nyuzi sita na ushei. Jua kwa mwaka linahama: mwezi wa Juni liko juu ya nchi za kaskazini, Disemba liko juu ya kusini. Katika kwenda na kurudi linapita juu ya vichwa vyetu mara mbili. Kwa Unguja ni karibu na tarehe 5 Machi na tarehe 9 Oktoba. Pemba iko karibu zaidi na ikweta, kwa hiyo kwao ni siku mbili tatu baadaye mwezi wa Machi, na siku mbili tatu mapema mwezi wa Oktoba. Siku hiyo, jua likifika kileleni, mlingoti hauna kivuli, chupa haina kivuli, na mtoto akisimama wima kivuli chake chote kimejificha chini ya miguu. Machi inatokea mnamo saa 6:35 mchana, Oktoba mnamo saa 6:10.

Kwa nini si saa sita kamili? Kwa sababu saa zetu zimefuata mstari unaopita mashariki yetu, baharini, na jua linachelewa kufika kwetu kama dakika 23. Juu ya hapo, mwendo wa dunia kulizunguka jua hauna kasi moja na mhimili wake umeinama, hivyo kuna dakika zinaongezeka au kupungua kwa misimu. Wenye kalenda za sala wanalijua hili vizuri, ndiyo maana Adhuhuri inasogea sogea.

Kwa watoto wasio na subira ya kungoja Machi: simamisheni kijiti leo, mtie alama ncha ya kivuli kila baada ya robo saa kuanzia saa tano na nusu. Alama ya kivuli kifupi kuliko vyote ndiyo zawali, na mstari kutoka hapo hadi kwenye kijiti unaelekea kaskazini na kusini barabara. Mfanye tena baada ya miezi sita mkute kivuli cha mchana kimehamia upande wa pili.

Kwa njia hii hii ya vivuli, zaidi ya miaka 200 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, msomi wa Kigiriki Eratosthenes aliipima dunia. Alijua kwamba mji mmoja kusini mwa Misri, unaoitwa Aswan leo, siku fulani jua linaingia mpaka chini ya kisima, na siku hiyohiyo kule Alexandria kivuli kinainama kwa sehemu moja ya hamsini ya duara. Akauzidisha umbali baina ya miji miwili kwa hamsini. Hakuhitaji kutoka nje ya Misri, na alikaribia jibu tulilonalo leo, kilomita 40,000.

MzeeMalindi

Ahsante mwanangu. Ongeza na la Kibla, watu wengi hawalijui.

Bi_Mkungu

Kweli mzee. Makka nayo ina siku zake mbili za jua kuwa juu kabisa ya Al-Kaaba: tarehe 27 au 28 Mei, saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6:27. Saa za Makka na zetu ni moja, hakuna hesabu ya kubadilisha. Wakati huo, popote jua linapoonekana duniani, ukisimamisha kijiti, ukifuata kivuli kutoka nchani kurudi kwenye kijiti, unaelekea Kibla. Mtoto anaweza kuupima msikiti wa mtaani kwao kwa kijiti na saa.

Kijana_Fuoni

Mwalimu, sie tuliopanga vyumba mjini hatuna uwani wala pwani karibu. Nina mdogo wangu wa miaka minane, mchana kutwa simu. Nipe la ndani ya chumba.

Bi_Mkungu

Chumba ndicho hasa unachokihitaji. Fungeni madirisha mchana wa jua kali, zibeni kila upenyo kwa maboksi na kanga nzito mpaka giza liwe totoro, kisha toboa tundu moja kwenye boksi la dirishani, upana wa penseli. Ning'iniza shuka jeupe mita moja na nusu kutoka hapo. Ngojeni macho yazoee giza. Mtaa wenu utaonekana kwenye shuka kwa rangi zake, umepinduka juu chini: mtu anapita miguu juu, bodaboda inakwenda kinyume.

Mwanga unasafiri kwa mstari ulionyooka. Unaotoka juu ya nyumba ya jirani unapita tunduni ukiteremka, unatua chini ya shuka. Unaotoka chini unatua juu. Aliyelichambua jambo hili kwa majaribio ni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufanya kazi Kairo. Wengi kabla yake walidhani jicho linatoa mwale wa kwenda kukigusa kitu. Yeye alionesha kwamba mwanga ndio unaoingia jichoni. Kamera ya simu ya mdogo wako inafuata kanuni hiyohiyo, ila wameongeza lenzi. Na picha ndani ya jicho lake mwenyewe nayo imepinduka. Ubongo ndio unaoielewa ipasavyo.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa, waliotazama ardhini chini ya miembe waliona mamia ya hilali ndogo za mwanga. Kila upenyo baina ya majani ulikuwa tundu linalochora sura ya jua. Siku za kawaida vile viduara vya mwanga chini ya mti ni picha za jua pia, watu hawaziangalii tu. Hii ndiyo njia salama ya mtoto kuona kupatwa kwa jua. Kulitazama jua lenyewe kwa macho ni mwiko, hata kwa miwani ya kawaida.

Ukikosa giza la kutosha, nunua karafuu kavu kidogo. Zilowekeni kwenye maji ya uvuguvugu hadi zilainike, kisha mkipasue kile kichwa cha duara kwa ncha ya sindano. Ni petali nne zimefumbatana, na ndani yake mna nyuzi nyingi zimejikunja zikingoja kufunguka. Karafuu ni ua lililochumwa kabla halijachanua. Tafuneni moja kila mtu: ulimi utakufa ganzi kwa sababu ya mafuta yake, ndiyo maana wenye maumivu ya jino huitia. Moja tu.

Mchokoo

Mjukuu yuko ubavuni kwangu, ana swali la mwisho. Anasema tukenda Kizimkazi pomboo wanapumua juu ya maji. Wakilala usiku hawazami?

Bi_Mkungu

Mwambie ameuliza swali la kisayansi hasa, bibi. Pomboo hana matamvua, ana mapafu kama yake yeye, na kila pumzi anaivuta kwa kukusudia. Akilala usingizi mzito kama wetu atakosa hewa. Kwa hiyo analaza nusu ya ubongo, nusu nyengine inabaki macho kumpandisha juu apumue na kuangalia hatari, kisha zinapokezana. Mara nyingi jicho moja linafumba na jengine linabaki wazi.

Wapo wanaofanya kinyume: kaa wa nazi wa Chumbe, mkubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu, kilo nne na miguu inayokaribia mita moja ikinyooshwa. Anazaliwa baharini, akikua anavuta hewa ya nchi kavu, na ukimtupa majini anakufa maji.

Na kwa vile mjukuu anakaa pwani, nampa kazi. Asimamishe kijiti kwenye mstari maji yanapofika yakijaa, kila siku kwa mwezi mzima, aandike saa na umbo la mwezi wa usiku huo. Ataona maji yanachelewa kwa dakika kama 50 kila siku, kwa sababu mwezi nao unachelewa kiasi hicho kuchomoza. Ataona bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, inafuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, wakati jua na mwezi vinavuta bahari kwa pamoja, na maji mafu yanafuata mwezi nusu, vinapovuta kila kimoja upande wake. Wewe bibi unajua tayari siku gani ni za kwenda pwani. Yeye aandike, halafu mlinganishe daftari lake na unayoyajua. Nikipata picha ya daftari hilo naliweka ukutani darasani, kwa ruhusa yenu.

Wa_Mkoani

Sisi huku tunaanza hilo la maji kesho, upande wa Pemba. Mjukuu wa Bi Mchokoo na wanangu walinganishe saa zao hapa hapa kila Ijumaa.